Kuhamisha video za mikanda ya kamera hadi DVD kwa kompyuta: mwongozo kamili

Kazi hii ina hatua tatu. Ya kwanza ni kunasa, yaani kuingiza video ya mkanda ndani ya kompyuta. Ya pili ni kuandaa, yaani kuipanga video hiyo katika muundo ambao deki ya DVD inauelewa. Ya tatu ni kuchoma diski. Wengi huanza kwa kuulizia hatua ya mwisho, "nichomee na programu gani?", kumbe hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Diski ikiharibika utachoma nyingine jioni hiyohiyo. Video iliyonaswa vibaya haina dawa, na mkanda wenyewe haukusubiri: sumaku yake inafifia, gundi inayoshikilia unga wa sumaku inalegea, na mashine za kuuchezea zinaadimika. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu kunasa. Fanya hatua hiyo mara moja, uifanye vizuri, na ulihifadhi faili lile la kwanza kama lilivyo. DVD ni nakala ya kutazamia tu.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni muda. Mkanda haunakiliwi kama faili la flashi. Wa saa moja utachezwa saa moja nzima huku kompyuta ikirekodi, na hakuna njia ya mkato. Mwenye mikanda thelathini asijidanganye kwamba atamaliza mwisho wa wiki.

Tambua ulichonacho

Soma nembo iliyo kwenye kasha. VHS ni ule mkubwa wa deki ya sebuleni, uliotoka mwaka 1976. VHS-C ni mdogo wake: utepe ni uleule, ila umewekwa kwenye kasha dogo ili kamera iwe nyepesi. Huu unachezwa kwenye deki ya kawaida ukitumbukizwa kwanza ndani ya kasha la kubebea lenye umbo la VHS. Video8 na Hi8 zina utepe wa milimita 8 na kasha linalokaribia ukubwa wa kaseti ya redio. Zote hizi ni za analojia.

MiniDV, iliyotoka mwaka 1995, ni ya dijitali na kasha lake linaenea kiganjani. Kasha hilohilo lilitumika baadaye kwa HDV, ambayo picha yake ni ya ubora wa juu zaidi.

Katikati yao kuna Digital8 ya mwaka 1999, na hapa ndipo watu hukosea. Kamera za Digital8 zilirekodi kwa dijitali kwenye mikanda ileile ya Hi8. Kwa hiyo mkanda ulioandikwa Hi8 unaweza kuwa na picha za analojia au za dijitali, na nje hutaona tofauti. Ukiuweka kwenye kamera ya Hi8 ukaona buluu au chengachenga tupu, usiutupe ukidhani umefutika. Huenda unahitaji kamera ya Digital8.

Baada ya hapo njia ni mbili. Picha za dijitali hupita kwenye waya wa FireWire. Picha za analojia hupita kwenye kifaa cha kunasia video cha USB. Ila kama una Video8 au Hi8 nyingi, kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kuliko zote: tafuta kamera ya Digital8 inayocheza pia mikanda ya zamani ya analojia. Hiyo yenyewe inaigeuza picha kuwa dijitali na kuitoa kwa FireWire, picha na sauti zikienda pamoja bila kuachana. Si kila modeli inafanya hivyo, basi soma kitabu chake cha maelekezo kabla ya kutoa pesa.

Kabla hujabonyeza kucheza

Shika mkanda karibu na dirisha la nyumba, uuinamishe kidogo, utazame ubavu wa utepe kupitia kidirisha cha kasha. Utepe mzima unang'aa weusi mmoja, laini kama sahani ya santuri. Ukiona unga mweupe au kijivu, au madoa yenye umbo la nyota, huo ni ukungu. Usiucheze. Ukungu unahamia kwenye vichwa vya deki, yaani sehemu zinazosoma utepe, na kutoka hapo unaambukiza mikanda mingine yote utakayoweka. Uweke kando kwenye mfuko wake na umpelekee fundi wa mikanda.

Ulio safi, uzuie kwanza usifutike. Kwenye VHS na VHS-C unavunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa kasha. Kwenye Hi8 na MiniDV kuna kitelezi cha kusogeza. Usidharau hatua hii: kitufe cha kurekodi na cha kucheza kwenye kamera nyingi viko sentimita moja tu kutoka kimoja hadi kingine.

Kisha upeleke mkanda mbele hadi mwisho, uurudishe hadi mwanzo. Mkanda uliokaa miaka kabatini hujishika tabaka kwa tabaka, na mzunguko huu unaulegeza na kuukaza upya kwa mvuto ulio sawa. Ukisikia unalia kama mlango mkavu, simamisha hapohapo.

Mashine nayo ikague. Anza na mkanda usio na thamani, kwa sababu deki iliyolala muda mrefu inaweza kuwa na mpira uliolegea, na deki yenye mpira uliolegea hula mikanda. Picha ikitoka na mistari au vipande vya mraba, pitisha mkanda wa kusafishia vichwa kwa sekunde chache zilizoandikwa kwenye kasha lake, si zaidi, maana unasugua. Kamera iliyotoka kwenye baridi kuingia chumba chenye joto iache saa nzima kabla ya kuiwasha. Unyevu ukishika kwenye ngoma ya vichwa, utepe unanata.

Njia ya dijitali: FireWire

Kwenye kamera za MiniDV na Digital8 utakuta tundu dogo lenye pini nne, limeandikwa DV au i.LINK. Hilo ndilo FireWire, jina la kitaalamu IEEE 1394. Kamera nyingi zina pia tundu la USB, na linavutia kwa sababu kila kompyuta inalo. Liache. Kwenye kamera nyingi za aina hii lilikusudiwa picha za mnato, au video ndogo duni ya kutuma mtandaoni.

Usidanganyike pia na waya wenye USB upande mmoja na FireWire upande mwingine. Unauzwa, unaingia vizuri pande zote mbili, na haufanyi kitu chochote. USB na FireWire ni lugha mbili tofauti na waya mtupu hauwezi kutafsiri. Kompyuta ya mezani inahitaji kadi ya FireWire ya kuchomeka ndani. Laputopu ya zamani mara nyingi ina tundu lake tayari. Mac zisizo na tundu hilo zilikuwa zikitumia adapta ya Thunderbolt, lakini matoleo mapya kabisa ya macOS yameiacha FireWire. Kwa kazi hii laputopu iliyozeeka ambayo ulikuwa unataka kuigawa inaweza kuwa chombo bora kuliko ile mpya.

Upande wa kompyuta tundu huwa na pini nne, sita au tisa. Lile la pini sita linapitisha umeme, na plagi yake ikisukumwa kinyume kwa nguvu inaweza kuunguza tundu la kamera. Chomeka kamera ikiwa imezimwa, angalia umbo la plagi, usilazimishe.

Sasa ipe kamera umeme wa ukutani badala ya betri, iweke kwenye hali ya kuchezea mkanda na siyo ya kupigia picha, kisha uiwashe. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya zamani iitwayo WinDV. Haina urembo wowote, ila ukiiambia faili liwekwe wapi na ukabonyeza kunasa, inafanya hivyo tu. Kwenye Mac tumia iMovie, kwenye Linux tumia dvgrab. Kama Windows 10 haiioni kamera, tatizo la kawaida ni programu endeshi ya 1394: ile mpya inabidi ibadilishwe kwa ile ya zamani ambayo Microsoft yenyewe waliitoa kwa ajili hiyo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kinachogeuzwa. Namba zilizo kwenye utepe zinaandikwa zilezile kwenye diski kuu ya kompyuta. Picha ya DV, muundo wa dijitali wa MiniDV na Digital8, inatiririka kwa megabiti 25 kwa sekunde, na ukijumlisha sauti saa moja inakula takriban gigabaiti 13. Hakikisha nafasi ipo. Kama unaandikia kwenye diski ya nje iliyopangwa kwa FAT32, kunasa kutakatika baada ya dakika kama ishirini, kwa sababu FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4. Ipange upya kwa NTFS au exFAT, baada ya kutoa kilichomo.

Wakati wa kunasa tazama namba moja tu, ile ya fremu zilizodondoka, yaani picha mojamoja za video ambazo kompyuta imeshindwa kuzirekodi. Inatakiwa kubaki sifuri. Ikipanda ovyo, kompyuta imezidiwa: funga kivinjari, simamisha programu ya kulinda virusi isipekue wakati huo, na usiandikie kwenye flashi ya polepole. Lakini picha ikivunjika vipande mahali palepale kila unaporudia, shida iko kwenye mkanda au vichwa. Safisha, urudie kipande hicho peke yake. Na mkanda uliorekodiwa kwa mwendo wa LP, ule wa kupata dakika 90 kwenye mkanda wa 60, uchezee kwenye kamera ileile iliyourekodi kama bado ipo hai. LP ina njia nyembamba za sumaku, na kamera nyingine inaweza kuzikosa kidogo tu na picha ikaharibika.

Njia ya analojia

Hapa kuna mitego mingi zaidi, kwa sababu kila kiungo kati ya utepe na kompyuta kinaweza kupunguza ubora.

Anza na waya. Kama deki au kamera ina tundu la duara la S-Video, tumia hilo kwa picha badala ya plagi ya manjano. S-Video inapitisha mwanga na rangi kwenye njia mbili tofauti, na kwa Hi8 hasa utaona kingo za vitu zimetulia. S-Video haibebi sauti, kwa hiyo plagi nyeupe na nyekundu zinabaki palepale. Deki ya mono ina nyeupe peke yake, na sauti itasikika upande wa kushoto tu. Usihangaike sasa, utaijaza upande wa pili wakati wa kuhariri.

Kifaa cha USB cha kunasia ni kile kijiti chenye matundu ya manjano, nyeupe, nyekundu na S-Video. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, siyo kupitia kigawanyio. Kabla ya yote chagua mfumo sahihi wa picha. Mkanda wa PAL, mfumo wa televisheni wa Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, ni nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Wa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, ni 720 kwa 480, fremu 29.97. Ukikosea, picha hupoteza rangi au hupanda juu bila kukoma kama pazia linalovutwa.

Kisha chagua chanzo cha sauti. Niliwahi kunasa mkanda wa harusi, saa nzima, picha safi kabisa. Nilipoufungua kusikiliza, bibi harusi anakata utepe na mimi nakohoa. Wazee wanatoa nasaha na kiti changu kinalia. Programu ilikuwa imechagua maikrofoni ya laputopu badala ya kifaa cha USB, ikarekodi chumba changu saa nzima. Tangu siku hiyo nanasa dakika mbili kwanza, nasimamisha, navaa vipokea sauti vya masikioni, nasikiliza ndipo naanza kazi.

Kuhusu programu, nitasema ninavyoona. OBS Studio ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na wengi wataielekeza. Imetengenezwa kwa ajili ya skrini ya kompyuta, hivyo inafaa kama lengo lako ni faili la MP4. Kwa DVD, na kwa hifadhi ya kweli, kwenye Windows naona VirtualDub ni bora, kwa sababu inaiacha picha na mistari yake ya asili. Jambo la mistari linahitaji maelezo.

Kamera hizi za mikanda hazipigi picha nzima kwa wakati mmoja. Kila fremu ni nusu mbili: ya juu yenye mistari ya witiri, 1, 3, 5, na ya chini yenye mistari ya shufwa, 2, 4, 6, na kwa PAL nusu hizo zimepishana kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwenye televisheni ndiyo sababu mtoto anayekimbia anaonekana laini. Kwenye skrini ya kompyuta nusu hizo zinaonyeshwa pamoja, na mkono unaopunga unatoka na meno kama kitana. Mtu akiona meno hayo hukimbilia kuyafuta. Usiyafute kama unatengeneza DVD. Muundo wa DVD unazijua nusu hizo na deki itazionyesha kwa zamu inavyotakiwa. Ukizifuta umepoteza nusu ya mwendo, na haurudi.

Ila mpangilio wa nusu lazima ulingane. DV huanza na nusu ya chini, na vifaa vingi vya kunasia analojia huanza na ya juu. Ukikosea kuitaja kwenye hatua ya kuandaa, mtu anayetembea ataonekana akitetemeka, kama anayekwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Kipimo ni rahisi: choma dakika moja yenye mwendo mwingi kwenye DVD ya kufutika, itazame kwenye televisheni. Ikitetemeka, geuza mpangilio.

Nasa kwa ubora mkubwa kadiri diski yako inavyobeba. VirtualDub ikitumia mbano usiopoteza kitu, kama Huffyuv, faili linazidi lile la DV kwa mbali, gigabaiti thelathini hivi kwa saa. Kama nafasi ni finyu, nasa kwa DV au kwa MPEG-2, mbano wa video unaotumiwa na DVD, ya megabiti 8 kwa sekunde. Chini ya hapo usishuke: chengachenga za VHS zinakula biti nyingi kuliko picha safi, na zikikosa biti zinageuka viraka.

Ubaki umeketi dakika za mwanzo. Ukiona ukanda wa kelele unapita katikati ya picha, tumia kitufe cha deki cha kurekebisha ufuatiliaji wa utepe mpaka ushuke nje. Mistari michache iliyovurugika chini kabisa ni ya kawaida, televisheni nyingi za zamani zilikuwa zikiificha. Picha ikipinda juu kama bendera, au kifaa kikidondosha fremu kila mara, ishara ya mkanda haina mapigo thabiti. Dawa yake ni kirekebisha mapigo, TBC, ambacho baadhi ya deki nzuri za S-VHS na kamera za Hi8 zinacho ndani. Kitafute kwenye menyu na ukiwashe.

Kamera za diski ndogo na za kadi

Hizi ni nyepesi. Kamera za DVD ndogo ya sentimita 8 tayari zinarekodi kwa muundo wa DVD. Shida yao moja ni diski kutofungwa, yaani urekodi wake kutokamilishwa (finalize): isipofungwa ndani ya kamera iliyoirekodi, kompyuta itasema ni tupu. Ifunge kupitia menyu ya kamera, kisha nakili folda ya VIDEO_TS. Usiitie diski ndogo kwenye kompyuta inayomeza diski kwa ufa. Haitatoka.

Kamera za kadi za AVCHD, muundo wa video ya ubora wa juu ulioanza mwaka 2006, nakili folda yote kama ilivyo, siyo mafaili ya MTS peke yake, kwa kuwa tukio refu hukatwa vipande na faharasa iliyo ndani ya folda ndiyo inayojua kuviunganisha. Picha hizi hufika nukta 1920 kwa 1080, DVD itazipunguza sana. Kwa hizo, na kwa HDV pia, Blu-ray ya gigabaiti 25 ni heshima zaidi.

Kukata

Fungua nakala ya faili, si lile la asili, kwenye Shotcut, Kdenlive au programu yoyote ya kuhariri uliyoizoea. Ondoa sehemu tupu za buluu, sawazisha sauti, basi. Mpangilio wa mradi ufanane na mkanda, ikiwemo uwiano wa 4:3. Usivute picha kujaza skrini pana, watu watanenepa.

Ushauri wangu ni kukata kidogo kuliko unavyotaka. Karibu kila mkanda una zile dakika ambazo mpiga picha alisahau kuzima kamera akaiweka mezani. Unaona mguu wa kiti na pindo la gauni, lakini nyuma watu wanaongea kama wanavyoongea siku zote, bila kujua wanarekodiwa. Ndizo dakika ambazo watoto wao watarudia kuzisikiliza.

Mahesabu ya DVD

DVD ya kawaida ni gigabaiti 4.7. Kompyuta itakuonyesha 4.38 hivi, hujaibiwa, ni tofauti ya kuhesabu kwa 1,000 na kwa 1,024. Ukiigeuza kuwa biti unapata megabiti 37,600. Toa kidogo kwa ajili ya menyu, halafu gawanya kwa sekunde za video yako. Dakika 120 ni sekunde 7,200, kwa hiyo kila sekunde inapata kama megabiti 5, picha na sauti pamoja. Dakika 90 zinapata 6.6. Dakika 60 zingepata karibu 10, lakini mwisho wa video ya DVD ni 9.8, na kwa diski za kuchoma nyumbani mimi sizidishi 8 kwa sababu deki za zamani huanza kukwamakwama.

Kwa mikanda ya kushikwa mkononi, inayotikisika na yenye chengachenga, dakika 90 kwa diski ni mwisho. Zikizidi, gawanya diski mbili. Kuna diski za tabaka mbili za gigabaiti 8.5, ila deki kadhaa za zamani zinazikataa.

Muundo wenyewe ni huu: video ya MPEG-2, sauti ya AC-3 au PCM kwa kilohezi 48. Zingatia hiyo 48, maana kamera nyingi za MiniDV zilirekodi sauti kwa 32 zikiwekwa kwenye biti 12. Igeuze wakati wa kuhariri. Usipofanya hivyo, kwenye video ndefu midomo na maneno vinaweza kuachana.

Programu ya bure ninayoipendekeza ni DVDStyler. Ukiifungua inauliza jina la diski, ukubwa, PAL au NTSC, na uwiano. Jibu kwa usahihi hapo maana yote yanafuata majibu hayo. Buruta mafaili yako upande wa chini, kila faili linakuwa video moja inayojitegemea kwenye diski. Bofya mara mbili kwenye faili uhakikishe mpangilio wa nusu na uweke sura, yaani alama ambazo mtazamaji anaweza kurukia. Sura za kila dakika tano zinatosha, lakini zinazoanza pale tukio linapoanza ni bora, kwa sababu mtu hutafuta "kukata keki", hatafuti dakika ya 35. Menyu iwe na herufi kubwa na mabadiliko machache. Mipira inayozunguka na muziki wa kujirudia huchosha kabla ya filamu kuanza.

Ukimaliza, usiiambie ichome moja kwa moja. Iambie itengeneze faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja. Fungua ISO hiyo kwa VLC, zunguka menyu yote, bonyeza kila kitufe. Kosa likigunduliwa hapa halijala diski.

Kuchoma

Kosa kubwa la hatua hii ni kuburuta faili la MP4 kwenye diski tupu na kuichoma. Hiyo ni diski ya data. Kompyuta itaisoma, deki ya kawaida itaandika kwamba haiitambui. Diski ya video ina folda ya VIDEO_TS, na ISO yako tayari inayo.

Kwenye Windows tumia ImgBurn, chagua kuandika faili la picha ya diski, onyesha ISO. Kwenye Linux ni K3b au Brasero. Chagua DVD-R kuliko DVD+R kama zitachezwa kwenye deki za zamani. Mwendo uwe 4 au 8, siyo ule wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kasha. Weka alama ya kuhakiki baada ya kuchoma, kisha uiache kompyuta ipumue mpaka imalize.

Ijaribu kwenye deki ya DVD, siyo kwenye kompyuta iliyoichoma, na usiishie kutazama mwanzo. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko makosa hupenda kukaa. Ruka hadi sura ya mwisho. Ikicheza bila kukwama, diski ni nzima.

Andika jina kwa kalamu laini ya wino wa maji, upande wa juu. Usibandike karatasi: ikilegea upande mmoja diski inapoteza mizani ndani ya deki. Zihifadhi zikiwa zimesimama ndani ya makasha, mbali na jua, kwa kuwa kinachoshika video humo ni rangi inayobadilika kwa mwanga.

Faili la asili na mkanda

Faili lile la kwanza, la DV au la mbano usiopoteza, liweke kwenye diski mbili za nje zinazokaa nyumba mbili tofauti. Lipe jina linalojieleza bila wewe kuwepo: mwaka, mwezi, tukio, namba ya mkanda, kwa mfano 1998-08-harusi-mkanda02. Namba hiyohiyo iandike kwenye kasha la mkanda. Kwa ndugu wanaotaka kuitazama kwenye simu, pitisha faili kwenye HandBrake utoe MP4, na hapo ndipo unapowasha kichujio cha kuondoa yale meno ya mistari.

Mkanda usiutupe hata kama DVD imetoka vizuri. Urudishe hadi mwanzo, uweke kwenye kasha lake ukiwa umesimama wima, sehemu kavu isiyo na joto, mbali na spika. Ukija kupata deki bora kuliko uliyotumia, utanasa tena kutoka pale, siyo kutoka kwenye diski.